Salongo ya Theluji

Watu wakifika kwenye ngazi huangalia pa kukanyaga. Binti aitwaye Mujinga, jina la Kiluba lisilo na uhusiano na ujinga, yeye huangalia reli. Toka alipokuwa msichana wa shule hakuweza kupita kando ya ngazi yoyote ya Brussels bila kuipapasa reli yake, kama mnunuzi anavyopapasa kitenge sokoni, akitafuta penye kutu, penye kiungo kibaya, penye parafujo iliyochomoza. Mama yake, Maman Marie-Jeanne, alikwisha kuzoea kumngoja na mifuko yake ya soko.

"Unatafuta nini tena ku ile chuma?"

"Njia, maman."

"Njia iko huku chini, ya miguu. Twende."

Basi wakaenda.

Mujinga alikuwa mtelezaji wa ski, zile mbao ndefu za kutelezea juu ya theluji, katika mji usio na mlima hata mmoja. Waliosikia hilo walicheka kwanza, kisha wakauliza, naye aliwajibu bila kuona haya. Shule yake ya msingi, kama shule nyingi za Ubelgiji, ilipeleka watoto milimani kwa basi wakajifunze kuteleza. Wenzake walilia kwa baridi siku ya kufika. Yeye alilia siku ya kuondoka. Baadaye akagundua kwamba pembezoni mwa Anderlecht kuna mteremko wa kutelezea uliotandikwa brashi za plastiki badala ya theluji, akaomba kazi ya kugawa viatu pale, na kazi ikiisha akateleza mpaka afukuzwe. Hapo ndipo kocha Jean-Pierre alipomwona, akamtia katika timu ya vijana wanaoshindana kwa kuteleza juu ya mabomba ya chuma. Alishindana, akashinda. Medali zake Maman Marie-Jeanne alizitundika sebuleni mwao Saint-Gilles, ubavuni mwa picha ya Bikira Maria, mahali ambapo mgeni hawezi kukaa asizione.

Kulikuwa na jambo moja tu, nalo lilikuwa mkono. Mujinga akiwa juu ya chuma, mkono wake wa kulia ulipanda wenyewe ukasimama kando ya kichwa, kama wa mwanamke anayeshikilia beseni la maji. Hakuufanya kuwa pambo. Alipokuwa mdogo, Maman Marie-Jeanne alikuwa akipandisha nguo zilizofuliwa kutoka chini ya nyumba hadi chumba chao cha juu kabisa, beseni kichwani, vile vile alivyobeba maji Lubumbashi kabla ya kuja Ulaya, na Mujinga alipanda nyuma yake akimwigiza. Miguu yake ilijifunza utulivu pamoja na mkono ule. Haikujua kuutenganisha nao. Waamuzi hawakuupenda. Waliandika kwamba ni kosa la mizani, wakamkata alama.

"Ushushe," Jean-Pierre alimwambia. Alikuwa mtu mwema, na alisema kwa wema. "Ushushe tu, utakuwa wa kwanza."

Aliushusha, akawa wa kwanza, akarudi nyumbani na medali shingoni akihisi kama amembebea mtu mwingine mzigo wake.

Mwaka huo huo alikutana na Rayan, mtoto wa Papa Abdul-Aziz, mwenye duka la vyakula kule Saint-Josse, watu wa Bujumbura. Rayan alikuwa akisomea kazi ya filamu na alikuwa na kamera ambayo aliifunika kwa kofia yake mwenyewe mvua iliponyesha. Yeye ndiye aliyemwonyesha Mujinga kwamba mahali pengine duniani kuna watu wanaoteleza kwa ski juu ya reli za ngazi za miji, mbele ya maduka na shule, bila namba kifuani na bila mwamuzi. Unachagua mahali. Unapatengeneza mwenyewe kwa koleo na theluji. Unapapitia kwa namna yako, na kinachobaki ni picha. Mujinga alitazama mpaka macho yakamwasha, kisha akasema, "Na sisi tuko na ngazi."

Wakaanza. Walipiga picha kila theluji ilipoanguka, na katika Brussels theluji si mgeni wa mara kwa mara. Filamu yao fupi ikakamilika isipokuwa mwisho wake, na mwisho wenyewe ulijulikana tangu siku ya kwanza: ngazi ya nje ya ukumbi wa parokia, ile inayounganisha barabara ya juu na ya chini, hatua chache kutoka kwao. Reli yake inashuka, inalala bapa katikati, kisha inashuka tena. Mujinga aliiita Goti. Alipanda ngazi hiyo kila Jumapili ya utoto wake, mkono wake juu ya chuma hicho, na hakuna mlima wowote wa Alpi alioutamani kama Goti.

Mwezi wa Desemba mwaka 2010 theluji ilianguka kwelikweli. Ilifunika magari, ikalala juu ya madirisha, ikanyamazisha hata barabara za karibu na stesheni ya Midi. Na katika wiki hiyo hiyo Jean-Pierre alipiga simu: Mujinga amechaguliwa kwenda kushindana Jumamosi katika ukumbi mkubwa wa theluji huko Uholanzi.

"Jumamosi siwezi," Mujinga alisema. "Kuna ngazi inaningoja."

Jean-Pierre alijaribu kumshawishi. "Theluji ya ukumbini inakaa mwaka mzima, binti yangu. Nafasi ndiyo haikai."

"Ya mjini ndiyo haikai," alijibu Mujinga. "Kwa hiyo nimeichagua hiyo."

Kumwambia kocha kulikuwa rahisi. Kumwambia mama ilikuwa kazi. Maman Marie-Jeanne aliamini kwamba mkono mtupu haulambwi, na habari za Uholanzi alikuwa amekwisha kuzitangaza kwenye kwaya.

"Bon. Na miye nitaambia ba-maman nini?" aliuliza, akiendelea kukata vitunguu. "Kila muntu ku chorale anajua unaenda Hollande."

"Uwaambie nimepata kazi ingine, hapa Saint-Gilles."

"Kazi. Kuteleza ku barabara kama muntu mwenye alikosa viatu."

"Maman."

"Hapana, unieleze. Medali minaiona, minaishika. Ile film yenu, nani anapima?"

"Hakuna mwenye kupima."

"Alors utajua aje kama umeshinda?"

Mujinga alijua jibu lipo, lakini lilikuwa miguuni, halikuwa mdomoni. "Kuja uone," alisema mwishowe. "Samedi, midi, saa sita kamili, ku ngazi ya parokia. Rayan atapiga film. Ukiona ni bure, utaniambia, na miye nitarudia ku ma-concours ya medali."

Maman Marie-Jeanne alifuta macho. Vitunguu ni vitunguu. "Samedi niko na salongo," alisema, akarudia kukata.

Ijumaa nzima Mujinga na Rayan walifanya kazi. Walikusanya theluji ya barabara ya juu wakaipigapiga ikawa njia ya kukimbilia, kwenye kichwa cha ngazi wakajenga kirukio cha kumpandisha juu ya reli, vipandio wakavifunika, na chini kabisa wakarundika kilima cha kutulia, kilichonyooshwa vizuri kama kitanda cha hoteli. Walirudi nyumbani mikono imekufa ganzi, wakiwa na furaha.

Jumamosi walipofika na ski begani, ngazi ilikuwa nyeusi.

Ilikuwa imefagiliwa kipandio kwa kipandio, ikang'aa kwa maji. Kirukio hakikuwepo. Njia ya juu haikuwepo. Kilima cha chini kilikuwa kimesambaratishwa hadi kwenye mfereji, na mabaki yake yalikuwa uji wa kijivu. Wamama wa parokia walikuwa wamesimama pale na mafagio, vitenge vyao vya sare vimefungwa juu ya makoti ya baridi. Maman Mathilde, kiongozi wa kwaya, mwanamke mwenye mabega ya mpagazi na ulimi mrefu kuliko misa, alikuwa akimwaga konzi ya mwisho ya chumvi kama mtu anayelisha kuku.

Salongo ni neno walilotoka nalo nyumbani. Zamani, siku ya salongo, nchi nzima ilitoka na mafagio kusafisha barabara, apendaye na asiyependa. Serikali iliyoamuru ilikwisha kupita, lakini wamama hawa walilibeba neno hadi Ubelgiji wakalifanya lao: kila Jumamosi walisafisha ukumbi wa parokia wakiimba, na ole wake mwenye kisingizio.

Maman Marie-Jeanne alimwona binti yake, uso ukamnawiri. "Voilà," alisema, akionyesha ngazi kwa fagio. "Sasa iko propre. Muko nakuja kupiga film, donc fasi ilipashwa kuwa safi. Unajua, kuko batu balitupa theluji yote ya barabara hapa, mpaka mulima mukubwa huku chini. Tulipigana nayo tangu asubui."

"Ile mulima ilikuwa nguvu sana," alisema Maman Mathilde. "Satani mwenyewe aliijenga."

Rayan alitua begi la kamera taratibu, kama mtu anayetua jeneza. "Na chumvi mulitoa wapi, maman?"

"Ku duka ya papa yako. Alitupatia mufuko muzima, ile ya samaki. Muntu muzuri sana, papa yako. Umusalimie."

Rayan aliinama akaokota punje ya chumvi, akaitazama.

Hasira ilimpanda Mujinga. Alitaka kusema neno la kukata. Kisha akaona mikono ya mama yake: glavu za sufu zimelowa chapachapa, na vidole vilivyotokeza vimevimba kwa baridi. Mwanamke huyu hakupenda filamu, hakupenda barabara, lakini alikuwa ameondoka nyumbani kabla ya chai na kuwaamsha wenzake wote ili mahali atakaposimama mtoto wake mbele ya kamera pasiwe na aibu, na ili asiteleze akaumia. Hasira ikateremka yenyewe ilikopandia.

"Maman," alisema polepole, "ile theluji ni sisi tuliiweka."

"Nyiye?"

"Jana, siku nzima. Ile ya juu ni njia yangu. Ile mulima ni fasi ya kuangukia."

Fagio la Maman Marie-Jeanne lilishuka likagusa ardhi. Wamama wengine wakatazamana.

"Lakini ju ya nini haukusema?" aliuliza Maman Mathilde.

"Nilisema nitateleza ku ngazi."

"Eh, muntu akisema atateleza ku ngazi, tunafikiri ataanguka. Nani anajengea mulima muntu mwenye kuanguka?"

Mtu mmoja nyuma alicheka, kicheko kikakatika njiani. Maman Marie-Jeanne hakucheka. Alikuwa akiitazama ngazi kama anaiona kwa mara ya kwanza, na Mujinga alijua anahesabu nini: Uholanzi umepita, na hapa pamebaki maji.

Rayan alitazama juu. Wingu lilikuwa limeshuka karibu na mapaa, na mabomba ya paa yalikuwa yameanza kudondosha. "Mvua inakuja mchana," alisema. "Leo ndiyo ilikuwa siku, Mujinga. Tungoje mwaka mwingine."

"Mwaka gani? Unaujua?"

Hakuujua. Hakuna aujuaye. Inaweza kupita miaka theluji ya namna ile isirudi. Mujinga alitembea hadi kwenye reli akaipapasa. Ilikuwa kavu, safi, laini kuliko alivyowahi kuikuta. Hiyo nayo wamama walikuwa wameifuta. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, alijisemea. "Goti liko," alisema kwa sauti. "Kinachokosa ni theluji, na theluji imejaa mjini."

Maman Marie-Jeanne alimtazama binti yake, akavua glavu zake zilizolowa, akazitia mfukoni. "Ba-maman," alisema, "salongo haiyaisha."

Wakaingia ukumbini wakatoka na mabeseni, yale makubwa ya kuoshea mchele wa harusi na wa matanga. Wakachota theluji ya uani, ya bustani ya nyuma, ya juu ya magari yaliyolala kando ya njia. Bibi mmoja Mbelgiji alifungua dirisha kuuliza kuna nini. Alipoelezwa, akateremka na kandambili kuwaonyesha gari lake. Nyimbo zikaanza. Mujinga, akipiga theluji kwa koleo kwenye kichwa cha ngazi, aliinua macho akawaona wanakuja kwa mstari, mabeseni vichwani, mkono mmoja mmoja umepanda kando ya kichwa, na kwa kitambo akasahau koleo. Rayan alikuwa amekwisha kuwasha kamera.

Njia ikarudi, kirukio kikarudi, kilima kikarudi, ingawa si kama kitanda cha hoteli tena. Lakini theluji ilikuwa imelowa. Mujinga alivaa ski akajaribu kukimbia, ikamnata kama ugali. Akajaribu tena, kirukio kikadidimia chini yake.

Hapo akakumbuka. Wakati mmoja wa kiangazi timu ilipelekwa kwenye barafu ya milimani, na jua lilipolainisha njia, makocha walipita wakitawanya chumvi. Barabarani chumvi nyingi juu ya theluji huimaliza. Lakini ukiitawanya kidogo juu ya theluji iliyolowa, ukaikanyaga, ile inayoyeyuka hunyonya joto la iliyobaki, nayo inakaza kama ubao.

Akageuka. "Maman Mathilde, chumvi imebaki?"

Maman Mathilde aliweka mikono kiunoni. "Asubui tulikuwa bachawi ju ya chumvi. Sasa midi, mademoiselle anaomba chumvi."

"Kidogo tu, maman. Kama ya kutia ku chungu ya sombe."

"Ya sombe ya batu ngapi?"

"Ya harusi."

Chumvi ikaletwa. Mujinga aliwaonyesha jinsi ya kuitawanya, wamama wakapita wakikanyaga kwa mwendo wa wimbo, bega kwa bega, na baada ya muda alipogonga kirukio kwa kisigino kilijibu kama mlango.

Kasi ilitoka kwenye kamba nene ya mpira iliyofungwa kwenye nguzo ya taa, karibu na kichwa cha ngazi. Mtelezaji hushika ncha yake, mtu mwingine humvuta nyuma mpaka mpira unyooke, kisha humwachia. Kazi hiyo ilikuwa ya Rayan, lakini Rayan alikuwa na kamera. Maman Mathilde akajitokeza, akamkumbatia Mujinga kiunoni, akarudi nyuma naye hatua kwa hatua kana kwamba anamburuta mume kutoka baa.

"Nikuachilie lini?"

"Nikisema."

"Sema vizuri, miye niko na masikio ya chorale."

Mara ya kwanza alipanda kwenye reli akafika gotini, pale inapolala bapa, akatupwa ubavuni, akaviringika hadi chini. Alipoinuka alimwona mama yake ameshika kifua, amekwisha kupiga hatua kumjia. Hakumzuia kwa neno; aliinua tu mkono, na Maman Marie-Jeanne akasimama pale pale alipofika. Huo ulikuwa msaada mkubwa kuliko kukumbatiwa.

Mara ya pili alipita goti, lakini akatoka kabla ya mwisho, miguu migumu. Alipokuwa akipanda tena, ski mkononi, alielewa. Mkono wake ulikuwa chini, umebana kwenye paja, kama alivyofundishwa. Hapakuwa na mwamuzi, na bado alikuwa anamtii.

Maman Mathilde akamkumbatia, akarudi nyuma naye. Mpira ukalia.

"Sasa," Mujinga alisema.

Kirukio kikampokea kikamtupa. Ski zikakaa juu ya chuma kwa mlio mmoja mrefu, na mkono ukapanda wenyewe, ukasimama kando ya kichwa. Mteremko wa kwanza ukapita. Goti likaja, magoti yake yakalipokea kama mtu anayepanda ngazi na beseni limejaa, maji yasimwagike. Bapa, kimya, kisha mteremko wa pili, na reli ikaisha, naye akawa hewani kidogo tu, kiasi cha kupumua, akatua juu ya kilima kilichobebwa kwa vichwa vya watu. Kilimshika. Aliteleza hadi barabara ya chini akasimama mbele ya mama yake.

"Nimeipata," Rayan alisema kutoka nyuma ya kamera. "Yote. Mpaka mwisho."

Maman Marie-Jeanne hakupiga makofi. Alimtazama binti yake, kisha akautazama mkono wa kulia, ambao ulikuwa bado haujashuka.

"Ule mukono," alisema. "Kule ku ma-concours bakukatazaka?"

"Wananikata alama, maman."

Maman Marie-Jeanne alilifikiria jambo hilo. "Basi hawajabebaka kitu, bale," alisema.

Tone la kwanza la mvua likaanguka kwenye begi la kamera, na la pili. Rayan akavua kofia aifunike, akaanza kukunja vitu vyake. Wamama wakakusanya mabeseni. Mujinga aliinama kufungua viatu.

"Unafanya nini?" mama yake akamwuliza.

"Imekwisha, maman. Rayan ameipata."

"Rayan, ndiyo. Miye sikuona muzuri. Uliniambia kuja uone, na pale katikati ule Papa wa jirani alipita mbele yangu na mbwa yake." Akalivuta beseni tupu kutoka kwa mwenzake, akaligeuza, akajifunika nalo kichwa dhidi ya mvua, mkono mmoja ukilishikilia. "Panda tena. Theluji ingali iko."

Mujinga alivifunga tena vifungo vya kiatu. Kisha akaanza kupanda, ski begani, mkono wake ukifuata reli.